Kisu, Kigae na Pasi: Ukingo wa Soli na Wamaliziaji wa Viatu wa Uingereza

Mtu anunuapo kiatu hutazama kwanza uso wake: ngozi inavyong'aa, mshono ulivyonyooka, ncha ilivyochongoka au kuviringika. Ni wachache wakigeuzao ubavu wakatazama ukingo wa soli, yaani ule mstari mwembamba wa ngozi ngumu ukizungukao kiatu kutoka upande mmoja wa kisigino hadi upande wa pili. Walakini fundi akikishika kiatu cha fundi mwenziwe huanzia hapo. Uso wa kiatu waweza kusaidiwa na ngozi nzuri iliyonunuliwa kwa fedha nyingi. Ukingo hausaidiwi na kitu ila mkono.

Katika miji ya Uingereza iliyoishi kwa viatu, na hasa Northampton na Leicester, kazi ya kuukata na kuung'arisha ukingo huo ilikuwa na watu wake mbali. Waliitwa wamaliziaji, kwa kuwa kiatu kilipotoka mikononi mwao kilikuwa tayari kwenda dukani. Walikuwa na zana zao, desturi zao, na mwishowe chama chao. Kisha, katika muda usiozidi sana miaka kumi, mwishoni mwa karne ya 19, kazi yao ilitoka katika vyumba vya nyumbani ikaingia viwandani, na kutoka katika kisu ikaingia katika mashine. Jambo hili husimuliwa kwa kawaida kama ushindi wa mashine juu ya mkono. Masimulizi hayo ni mafupi mno. Anayezichungua zana zenyewe, na kuuliza kila mara zilikuwa mali ya nani, huona kuwa ustadi wa mkono haukushindwa upesi kama isemwavyo, na kwamba kilichobadilika kwanza ni mwenye zana.

Yafaa kuanza na kazi yenyewe. Soli ya kiatu cha Kiingereza cha siku zile ilikatwa katika ngozi nene ya ng'ombe, iliyolowekwa kwa miezi mingi katika maji ya magome ya mwaloni mpaka ikawa ngumu karibu kama ubao. Kiatu bora kilizungushiwa kwanza utepe mwembamba wa ngozi ulioitwa welti, ukashonwa pamoja na uso wa kiatu na soli ya ndani. Ndipo soli ya nje iliposhonwa juu ya utepe huo. Soli ya nje iliwekwa kwa makusudi ikiwa kubwa kuliko kiatu, ili mshonaji apate nafasi ya kupitisha uzi wake. Kazi ya mmaliziaji ilikuwa kuiondoa ngozi yote iliyozidi, na kuuacha ukingo ulio sawa katika kiatu cha kulia na cha kushoto, hata vikiwekwa pamoja mtu asijue kipi kilitangulia kutengenezwa.

Fundi aliketi juu ya kigoda kifupi, kiatu kikiwa pajani soli juu, nacho kimekazwa kwa mkanda wa ngozi uliopita juu ya goti na kushuka hadi chini ya unyayo wake mwenyewe. Kwanza aliugonga ukingo kwa nyundo ili ngozi ishikamane. Kisha alitwaa kisu. Kisu hicho hakikuwa na umbo la ajabu: bapa fupi la chuma cha pua, limefungwa ngozi au kitambaa mahali pa kushika, ambalo kwa kunolewa kutwa mara nyingi lilizidi kuwa fupi mpaka likatupwa. Ugumu wake ulikuwa katika njia yake. Mbele ya kiatu ukingo husimama wima kwa maki yake yote; ukifika kiunoni, mahali ambapo unyayo wa mtu haugusi ardhi, hutakiwa kupungua na kulala kidogo; karibu na kisigino husimama tena. Kisu hutakiwa kuifuata njia hiyo kwa mikato mirefu isiyosita, maana kila kinaposita huacha alama. Na ngozi yenyewe haifanani: ile ya mgongoni mwa ng'ombe imeshikamana, ya kuelekea tumboni ni legevu, na soli moja yaweza kuwa na zote mbili. Juu ya hayo, uso wa kiatu uko karibu kama unene wa ukucha, nao ni laini. Kisu kikiteleza mara moja tu, kazi ya mkata ngozi, ya mshona uso, na ya yule aliyeivuta ngozi juu ya kalibu, huharibika zote kwa pamoja. Ndiyo sababu palikuwapo na kisu cha namna ya pili, chenye kikingio ubavuni, cha kupita juu ya welti pasipo kuujeruhi uso.

Baada ya kisu ilifuata tupa ya meno makubwa, na baada yake tupa ya meno madogo. Hizi ziliondoa mabonde na vilima vilivyoachwa na kisu, lakini nazo ziliacha mikwaruzo. Hapo fundi alitumia zana iliyo duni kuliko zote na iliyo kali kuliko zote, nayo ni kigae cha kioo. Kipande cha kioo cha dirisha kilivunjwa kwa namna iliyoleta makali yenye mviringo mdogo, kikavutwa juu ya ukingo kikitoa unyoya mwembamba wa ngozi kama vumbi la unga. Makali yalipopungua hakikunolewa. Kilivunjwa tena kikapata makali mapya, na kilipokuwa kidogo mno kikatupwa pamoja na taka. Mwisho ulikuwa msasa. Waswahili wanalijua neno hili tangu kabla ya karatasi ya mchanga kuletwa na meli, kwa kuwa msasa kwanza ni mti ambao majani yake makavu yalitumiwa na maseremala kusugulia mbao. Karatasi ilipofika ilikuta kazi ina jina, ikalirithi.

Mpaka hapo ukingo ulikuwa laini, lakini bado ulikuwa ngozi mbichi, wenye kunywa maji na kufumuka nyuzi. Kazi iliyobaki ndiyo iliyoutenganisha ukingo wa fundi na ukingo wa mwanagenzi. Ulilowanishwa, ukapakwa wino mweusi, ukaachwa karibu kukauka. Kisha ukapitiwa na pasi. Pasi ya ukingo ni kipande kidogo cha chuma chenye mpini wa mti, na kichwa chake kimechongwa mfereji ulio sawasawa na maki ya soli, wenye midomo miwili ya kuibana soli juu na chini. Pasi moja haikutosha. Ilihitajika ya mbele ya kiatu na nyingine ya kiuno, na kila moja kwa kila maki, hata meza ya fundi ikawa na safu nzima ya vyuma vilivyofanana machoni pa mgeni. Waingereza walipima maki ya soli kwa kipimo ambacho nacho walikiita chuma, na chuma kimoja kilikuwa sehemu ya 48 ya inchi. Soli ya vyuma 12 basi ilikuwa na maki ya robo inchi. Tofauti ya chuma kimoja haionekani na jicho lisilozoea. Walakini pasi iliyozidi kwa kipimo hicho hucheza juu ya ukingo, na iliyopungua haiingii.

Pasi ilitiwa moto kiasi, ikasuguliwa juu ya nta ngumu iliyochanganywa na shahamu na masizi, kisha ikasukumwa kwa nguvu mbele na nyuma juu ya ukingo. Moto ukiwa mdogo, nta haiingii katika ngozi. Ukizidi, ngozi huungua na kupasuka, na ukingo ulioungua hauna dawa. Fundi hakuwa na kipima joto. Alijua kwa uzoefu. Ukingo uliopikwa hivyo ukawa mgumu, mweusi, wenye mng'aro kama wa mpingo uliosuguliwa, na maji ya mvua yakateleza juu yake. Palikuwa pia na kigurudumu cha meno, kilichotiwa moto na kuviringishwa juu ya welti, ambacho kiliacha alama ndogo ndogo zenye kuonyesha mishono. Katika kiatu kilichoshonwa vizuri kigurudumu hiki kiliipambanua mishono iliyopo. Katika kiatu cha bei rahisi kilitumiwa kuonyesha mishono isiyokuwapo. Zana ni ile ile, na mkono ni ule ule.

Ukale wa zana hizi una ushahidi mwingi. Mwaka 1688 Randle Holme wa mji wa Chester alichapisha kitabu kikubwa juu ya nembo za koo, na ndani yake akachora na kueleza vyombo vya kazi nyingi, vya mshona viatu vikiwamo. Mfaransa Garsault alitoa mwaka 1767 kitabu kizima juu ya kazi ya mshona viatu, chenye picha za kila chombo, na mshona viatu wa miaka mia baadaye angeweza kuvitaja vingi katika vyombo hivyo bila kuelezwa. Lakini ushahidi wenye kuonyesha namna mafundi wenyewe walivyoziona zana zao umo katika hadithi ya Mtakatifu Hugh, iliyosimuliwa na Thomas Deloney katika kitabu chake juu ya washona viatu kiitwacho The Gentle Craft, cha mwaka 1597. Hugh, asema Deloney, alikuwa mwana wa mfalme aliyejifunza kushona viatu, akauawa kwa ajili ya imani yake. Hakuwa na mali ya kuwarithisha mafundi wenziwe ila mwili wake, nao wakaitwaa mifupa yake wakafanyiza zana. Tangu hapo zana za mshona viatu ziliitwa mifupa ya Mtakatifu Hugh. Hapana haja ya kuisadiki hadithi ili kuielewa. Zana ya mtu ilihesabiwa kuwa karibu naye kama mfupa wake. Fundi aliyesafiri kutafuta kazi alibeba kifurushi chake begani. Pasipo kifurushi hicho hakuwa fundi.

Northampton ilipata kujulikana kwa viatu mapema. Mwaka 1642 Thomas Pendleton na mafundi wenzake 12 walipewa kazi ya kutengeneza jozi 4,000 za viatu na jozi 600 za buti kwa ajili ya jeshi lililokuwa likienda Ireland. Mji ulikuwa na ng'ombe, mwaloni na maji karibu yake, na majeshi hayakukosa kuhitaji viatu. Kwa muda wa miaka 200 iliyofuata, hata hivyo, kiatu kiliendelea kutengenezwa kwa namna moja, na mara nyingi mtu mmoja alikimaliza tangu kuvuta kalibu hadi kupiga pasi.

Kilichokuja kuitenga kazi ya ukingo ni msumari. Mwaka 1853 Thomas Crick wa Leicester alipata hati ya uvumbuzi wa kuipigilia soli kwa misumari badala ya kuishona. Kiatu cha msumari hakikuwa na uzuri wa kiatu cha mshono, lakini kilikuwa rahisi, na watu wa miji iliyokuwa ikipanuka walikitaka kwa wingi. Kupigilia soli kulikuwa ni kazi ya upesi, tena yenye kujifunzwa kwa muda mfupi; kumalizia ukingo kulibaki polepole kama zamani. Kwa hiyo kila mpiga misumari alimzalishia mmaliziaji kazi, na wamaliziaji wakaongezeka kwa maelfu. Mashine ya kushona soli iliyobuniwa na Mmarekani Lyman Blake mwaka 1858, na kuenezwa na Gordon McKay, iliuzidisha mkondo huo huo. Viatu vilifika kwa mmaliziaji vimejaa magunia.

Havikumfikia kiwandani. Vilimfikia nyumbani kwake, au alivifuata mwenyewe kwa bwana kiwanda akavibeba, akavimaliza, akavirudisha na kupokea ujira kwa hesabu ya jozi. Juu ya maisha haya pamesemwa mengi mema, na baadhi yake ni kweli. Mmaliziaji alikuwa mwenye siku yake. Jumatatu, kwa desturi ya kale ya washona viatu, hakufanya kazi, na siku hiyo iliitwa kwa mzaha Jumatatu Takatifu. Kazi yake ilishughulisha mikono ikauacha ulimi huru, na mabanda ya viatu yalikuwa mabaraza ya siasa: Thomas Hardy, aliyeanzisha chama cha kudai haki ya kura London mwaka 1792, alikuwa mshona viatu, na mwaka 1880 watu wa Northampton, ambao wengi wao waliishi kwa viatu, walimpeleka Bungeni Charles Bradlaugh, mtu asiyekuwa na dini, wakamrudisha tena na tena kila Bunge lilipomkataa.

Lakini yule mwenye siku yake alikuwa pia mwenye gharama zake. Visu, tupa na pasi vilikuwa vyake. Na hivyo pia nta, wino, msasa, taa ya jioni na moto wa kupashia pasi. Alichopoteza Jumatatu alikilipa Alhamisi na Ijumaa kwa kukesha. Chumba alichofanyia kazi aghalabu ndicho alicholala na jamaa yake, na vumbi la ngozi liliingia katika chakula na katika vifua. Mke alipaka wino na watoto walishika msasa. Wengine walichukua kazi nyingi kuliko waliyoiweza, wakaajiri wavulana kwa ujira mdogo, kila mmoja akifanya tendo moja tu kutwa nzima. Na kwa kuwa kila nyumba ilikuwa peke yake, hakuna aliyejua jirani yake amekubali bei gani. Bwana kiwanda alijua.

Mwaka 1874 wapiga misumari na wamaliziaji waliokuwa wamejitenga na chama cha zamani cha washona viatu wa mkono walikuwa na chama chao cha nchi nzima. Hapa ndipo historia inapokwenda kinyume cha matarajio ya wapendao mambo ya kale. Chama hicho hakikuililia karakana ya nyumbani. Kilitaka ifungwe. Viongozi wake waliona kuwa maadamu kazi inafanyika katika vyumba elfu vilivyotawanyika, hapana bei itakayosimama wala saa zitakazohesabika. Wakadai mabwana watoe nafasi, taa na moto kiwandani, na wanachama waifanye kazi humo pamoja. Mwaka 1890 maelfu ya wafanyakazi wa viatu wa London, wengi wao Wayahudi waliohamia kutoka Ulaya ya mashariki, waligoma kwa ajili ya dai hilo wakashinda. Leicester ilifuata mwaka 1891, na Northampton baadaye kidogo. Mmaliziaji alikifungasha kifurushi chake, akabeba pasi zake na kisu chake, akaingia mlango wa kiwanda kwa hiari yake na kwa ushindi wa chama chake.

Si haki kumlaumu. Alijua nyumba yake ilivyo, na wanaoisifu leo hawakulala ndani yake. Lakini alipovuka mlango alikuta ndani yake mashine iliyokuwa ikingoja nafasi hiyo hiyo. Mashine kubwa yenye kuendeshwa kwa mvuke haiingii katika chumba cha kulala, wala hakuna bwana awezaye kuigawanya katika nyumba elfu. Kwa muda wote ambao kazi ilikuwa nje, kisu kilikuwa salama. Watu walipokusanyika chini ya paa moja, mhimili wa mashine ulipita juu ya vichwa vyao.

Kwa nini ukingo ulichelewa hivyo? Mshono wa soli ulikuwa umetwaliwa na mashine tangu miaka ya 1860. Hata kuivuta ngozi juu ya kalibu, kazi ambayo mafundi waliapa kuwa haitawezekana kwa mashine, kulipata mashine yake mwaka 1883 kwa uvumbuzi wa Jan Matzeliger, mzaliwa wa Suriname aliyefanya kazi katika viwanda vya Lynn, Massachusetts. Ukingo ulikuwa na shida yake mahususi: haunyooki popote, haufanani popote, na ngozi yake hubadilika ugumu katika kila inchi. Kisu hakikatwi njia mapema. Hutafuta njia kwa kuhisi. Mashine ya kukata ukingo iliyotoka Marekani haikuitatua shida hii. Iliizunguka. Ilikuwa na kichwa kidogo chenye makali mengi yaliyopangwa duara, kikizunguka maelfu ya mara kwa dakika, na umbo la makali hayo lilikuwa umbo la ukingo unaotakiwa. Aliyekiongoza kiatu mbele ya makali hayo alikuwa bado mtu, kwa mikono yake miwili, pasipo kielekezo chochote. Zamani kiatu kilitulia pajani na kisu kikatembea. Sasa kisu kilitulia mahali pamoja na kiatu kikatembea. Kiuno cha soli kilikuwa bado chembamba, uso wa kiatu ulikuwa bado karibu, na mkono uliositasita ulikuwa bado huacha alama, ila alama hiyo sasa ilichimbwa kwa nukta moja tu ya wakati. Mashine ya kupiga pasi ilikuwa vivyo hivyo: chuma cha moto kilichotikisika upesi, na mtu mwenye kujua kiasi cha kukiegemeza kiatu.

Ustadi basi haukuondoka. Uliondoka uwezo wa kuupangia kazi mwendo. Mtu mmoja mbele ya mashine alimaliza jozi nyingi kuliko nyumba nzima ya zamani, na swali likawa ni nani atakayefaidika na ziada hiyo. Wafanyakazi, na hasa wale wa Leicester waliomfuata T. F. Richards, walishikilia kwamba kazi ya mashine isizidi thamani ya ujira wa zamani. William Inskip, katibu mkuu wa chama, alikuwa mpole zaidi lakini hakuweza kuwazuia. Mabwana walisema kuwa mashine ni yao na mwendo wake ni wao. Novemba 1894 shirikisho la waajiri lilitoa masharti saba, ambayo watu waliyaita kwa kejeli Amri Saba. Machi 1895 milango ya viwanda ikafungwa, na makumi ya maelfu ya watu wakabaki nje kwa wiki kadhaa. Aprili, kwa usuluhishi wa Idara ya Biashara ya serikali, pande mbili zilitia sahihi mapatano. Waajiri walipata haki kamili ya kuingiza mashine na kuamua jinsi ya kuitumia. Chama kilibaki hai na kikatambuliwa, lakini kila upande ulilazimika kuweka dhamana ya pauni 1,000, yenye kukatwa kwa atakayevunja ahadi. Chama cha watu waliokuwa wakinunua nta kwa senti zao hakikuwa na ujasiri wa kuichezea fedha kama hiyo.

Mwenye kusoma habari hizi angedhani kwamba zana zimehama kutoka kwa mfanyakazi zikawa mali ya bwana kiwanda, na mambo yameishia hapo. Hayakuishia. Mwaka 1899 makampuni makubwa ya mashine za viatu ya Marekani yaliungana yakawa United Shoe Machinery, na mwaka huo huo tawi lake la Uingereza likaundwa mjini Leicester. Kampuni hiyo haikupenda kuuza mashine zake kubwa, ilizikodisha. Mashine nyingi zilifungwa kihesabio, na mwenye kiwanda alilipa kwa kila jozi iliyopita. Masharti ya ukodishaji yalimzuia kuchanganya mashine za kampuni na za washindani wake. Kwa namna hii yule bwana ambaye mwaka 1895 alisema kuwa mashine ni yake, alijikuta baada ya miaka michache yu katika hali ya ajabu: anafanya kazi kwa zana ya mtu mwingine, naye anahesabiwa kwa jozi. Mmaliziaji mzee aliyebaki kiwandani hapana shaka aliitambua hali hiyo. Nchini Marekani mahakama zilishughulika na masharti hayo kwa muda mrefu. Mahakama Kuu iliyatangaza baadhi yake kuwa haramu mwaka 1922, na hukumu iliyoilazimisha kampuni kuwapa wateja njia ya kununua mashine ilitolewa mwaka 1953.

Kazi ya mkono haikufa siku moja. Buti za jeshi za kushonwa kwa mkono ziliendelea kutengenezwa nyumbani katika vijiji vya Northamptonshire, na Mei 1905 watu 115 wa Raunds, wakiongozwa na James Gribble, walitembea kwa miguu hadi London kuilalamikia Wizara ya Vita juu ya ujira wa buti hizo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kazi hiyo nayo ilipungua, na pasi nyingi zikauzwa kama chuma chakavu.

Zisizouzwa zina bei leo. Katika karakana chache za London na Northampton, ambamo kiatu kingali kikitengenezwa kwa kipimo cha mguu wa mtu mmoja, ukingo wa soli hukatwa kwa kisu pajani, husuguliwa kwa kigae cha kioo, na kupigwa pasi iliyopashwa moto juu ya taa ndogo ya spiriti. Mafundi hao huzitafuta pasi kuukuu za Sheffield, hasa zenye jina la George Barnsley, karakana iliyoanzishwa mwaka 1836, kwa kuwa mifereji yake ilichongwa na watu walioijua kazi. Aghalabu juu ya mpini hukutwa herufi mbili au tatu zilizogongwa kwa chuma na mwenyewe wa kwanza, ili pasi yake isichanganywe na ya jirani. Fundi wa leo huifuta kutu, huijaribu moto wake juu ya kipande cha ngozi kisicho na kazi, na ikiwa maki yake yalingana na soli iliyo pajani, huanza.